Masta ya ujasiriamali, au hela tununulie mbegu?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Singida. Nina shahada ya kwanza ya sosholojia, GPA 3.1. Nafanya kazi kwenye mradi wa shirika lisilo la kiserikali na mkataba wangu unaisha Desemba. Mimi na mume wangu tuna mashine moja ya kukamua alizeti, na vijana watatu wanatusaidia. Msimu uliopita tulikamua magunia kama 300. Gunia tulinunua shilingi 60,000 wakati wa mavuno, ila kufika Novemba lilikuwa 75,000. Linatoa lita 16, mengine 18. Mafuta tunauza jumla 5,000 kwa lita. Tuna akiba ya milioni 11, ambayo ndiyo tunanunulia mbegu. Nimepata udahili wa masta ya ujasiriamali na menejimenti ya biashara Dodoma: miezi 18, ada milioni 6 na laki 4, masomo Ijumaa jioni na Jumamosi. Mume wangu anasema ujasiriamali hausomewi, ni kipaji, na hela hiyo tununulie mbegu. Ofisa mmoja wa benki aliniambia nikiwa na masta mkopo mkubwa hautanisumbua. Rafiki yangu anasema kama ni lazima nisome, nisome MBA, ndiyo inayoheshimika. Nimechanganyikiwa. Nifanye nini?"

JIBU: Marahaba, dada yangu. Asante kwa kuniandikia pamoja na namba zako. Wengi huniuliza "nisome au nisisome" bila kutaja hata shilingi moja, nami hubaki sina pa kushika.

Ninavyokuelewa, umebeba maswali mawili kwenye kapu moja. La kwanza ni la ajira: mkataba ukiisha Desemba utafanya kazi gani, na je, masta itakufungulia mlango? La pili ni la mashine: mtatokaje kwenye magunia 300 kwenda mbele? Wote watatu waliokushauri wamejibu la pili. Lakini masta, kwa jinsi ilivyo, hujibu la kwanza vizuri zaidi kuliko la pili. Mkanganyiko wako unaanzia hapo, kwa hiyo nitayatenganisha.

Nianze na mumeo, maana ana hoja, ila haijakamilika. Kwamba ujasiriamali ni kipaji tu na haufundishiki, utafiti haukubali hivyo. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Lomé, Togo, kwa wenye biashara ndogo 1,500. Waligawanywa makundi matatu: moja likapewa mafunzo ya kawaida ya biashara (hesabu, masoko, usimamizi wa fedha), la pili likafundishwa tabia ya kujianzishia mambo, yaani kutazama mbele, kujitofautisha na jirani anayeuza kitu kilekile na kujipanga kwa vikwazo kabla havijafika, na la tatu halikupewa kitu. Kwa kipindi cha zaidi ya miaka miwili, faida ya kundi la pili ilipanda kwa asilimia 30 ikilinganishwa na wale ambao hawakupewa kitu. Kundi la mafunzo ya kawaida lilipanda kwa asilimia 11, kiasi ambacho kitakwimu hakikutosha kusema ni mafunzo yaliyosababisha. Kwa hiyo hata hicho tunachokiita kipaji, sehemu yake hufundishika. Ila tazama pia kwamba mafunzo hayo yalikuwa ya muda mfupi, kwa watu waliokuwa tayari na biashara mkononi. Haikuwa shahada.

Hata hapa kwetu jambo hili limepimwa. Watafiti kutoka Bergen, Norway, walishirikiana na Kituo cha Ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuwafundisha wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam waliokuwa wateja wa PRIDE Tanzania, taasisi ya mikopo midogo, na baadhi yao wakapewa na fedha za kuongeza mtaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kwa wanaume, mafunzo pamoja na fedha yaliinua biashara kweli. Kwa wanawake athari ilikuwa hafifu sana, na watafiti wenyewe wakasema mwanamke mfanyabiashara anahitaji zaidi ya darasa na mtaji. Nakutajia hili makusudi. Kama wewe ndiye utakayeamka kupika, kupeleka watoto shule, kusimamia vijana wa mashine na bado ukimbie basi la Dodoma, elimu itakayoingia kichwani haitapata muda wa kushuka mikononi. Mazungumzo na mumeo yahusu na hilo, yasiishie kwenye ada.

Rafiki yako na MBA yake, yaani masta ya uongozi wa biashara. Heshima ipo, sikatai, lakini uangalie ilitoka wapi. Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilianza kutoa MBA mwaka 1908, na lengo lilikuwa kuandaa mameneja wa makampuni makubwa yaliyokuwa yakichipuka huko. Somo la kuanzisha biashara mpya liliingia Harvard mwaka 1947 tu. Mpaka leo MBA nyingi, hata za kwetu, zimejengwa juu ya mifupa ileile: fedha za kampuni, masoko, rasilimali watu, mkakati, kwa kudhani tayari kuna idara hizo zote na wewe unakwenda kuiongoza mojawapo. Ukitaka kuwa meneja benki, kwenye kampuni ya simu au shirika la umma, MBA ni chaguo zuri. Masta ya ujasiriamali hugeukia upande mwingine: fursa hutambuliwaje, biashara changa hupataje mtaji, kwa nini nyingi hudumaa, sera zinazisaidiaje au kuziumiza. Chuo Kikuu cha JKUAT kule Kenya na Makerere ya Uganda kupitia shule yake ya biashara wanayo masomo ya ujasiriamali kwa ngazi hii, na kwetu pia vyuo vimeyafungua. Kwa mtu mwenye mashine moja na vijana watatu, ya pili inakugusa zaidi. Lakini ukisoma mtaala wake kwa makini utaona kwamba sehemu kubwa inakuandaa kuwa mtaalamu *kuhusu* wajasiriamali: mshauri, mkufunzi, mratibu wa miradi, mtafiti. Kuendesha kiwanda chako ni jambo jirani na hilo, ila si hilo lenyewe.

Na ofisa wa benki? Sijui alimaanisha nini, labda alikuwa anakutia moyo. Anayeamua mkopo hutazama fedha inavyoingia na kutoka kwenye akaunti yako, historia ya mikopo yako ya nyuma, dhamana, na kama hesabu zako zinasomeka. Cheti cha masta hakimo kwenye orodha hiyo. Kinaweza kukusaidia kuandika mpango wa biashara unaoeleweka, basi. Mwenye darasa la saba anayepitisha mauzo yake yote benki kwa miaka mitatu atakopesheka kabla ya mwenye masta anayeuza kwa fedha taslimu na kuweka hela kwenye kopo. Anza leo kupitisha mauzo yenu ya jumla kwenye akaunti ya biashara, iliyo mbali na ya nyumbani. Hilo halina ada.

Sasa nikueleze masta yenyewe ni kitu gani, maana wengi huingia wakidhani ni shahada ya kwanza iliyoongezwa chumvi. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya uzamili inataka krediti zisizopungua 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, kusoma, mazoezi, kuandika. Hizo ni saa 1,800. Zigawe kwa miezi yako 18, unapata kama saa 23 kwa wiki. Ijumaa jioni na Jumamosi haziwezi kukupa zaidi ya nusu yake. Zilizobaki utazitoa usiku, watoto wakishalala.

Halafu kuna tasnifu, yaani andiko la utafiti wako wa kuhitimu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapokwama. Kozi za darasani watu humaliza. Wanafunzi ambao huwa wanakuja kwangu wamechoka, wengine wakiwa wamelipa ada ya mwaka wa ziada, wamekwama kwenye utafiti. Kisa ni kilekile: mada pana mno. Mtu anakuja na "Changamoto zinazowakabili wajasiriamali wadogo nchini Tanzania". Anagawa madodoso 120 kwa watu asiowajua, anauliza kama mtaji ni changamoto, wote wanajibu ndiyo, anaingiza kwenye kompyuta, na mwisho anapendekeza serikali iwapatie mitaji. Amefaulu, amepata cheti, na hajui jambo ambalo hakulijua siku ya kwanza. Inaniuma kusema hivyo kwa sababu wengi wao ni watu wenye akili na bidii. Hakuna aliyewaambia mapema kwamba swali dogo linalochimbika lina faida kuliko kubwa linaloelea.

Wewe una swali dogo la namna hiyo tayari, na umeliandika bila kujua. Umesema gunia moja linatoa lita 16, jingine 18. Kwa nini?

Tulifuate kwa hesabu. Kama nusu ya magunia yako 300 yalitoa 16 badala ya 18, umekosa lita 300. Kwa bei yako ya jumla hiyo ni milioni 1 na nusu kwa msimu mmoja. Inaweza kuwa magunia yenyewe hayalingani uzito, maana mnanunua kwa gunia badala ya kilo na huko mashambani gunia ni chochote kilichoshonwa mdomo. Inaweza kuwa unyevu: mbegu isiyokauka sawasawa haikamuki vizuri. Inaweza kuwa aina ya mbegu, maana Record, ile ya zamani wanayolima wengi, haina mafuta mengi kama mbegu chotara. Au ni skrubu ya mashine imelika, na mafuta yanabaki kwenye mashudu, yale makapi ya mbegu iliyokamuliwa. Shika mashudu mkononi uyakamue, yakiacha kiganja kinang'aa ujue unawauzia wafuga kuku mafuta yako. Kila sababu ina dawa yake na gharama yake, na ukitibu isiyo yenyewe umepoteza fedha.

Kujua ni ipi kunahitaji mizani, na daftari lenye safu sita: tarehe, aliyeleta mbegu, kilo za mbegu, lita za mafuta, kilo za mashudu, na mashine imefanya kazi saa ngapi tangu ifanyiwe matengenezo. Kijana mmoja apewe kazi ya kuandika, kila gunia, bila kukadiria. Miezi mitatu ikipita utaanza kuona mwenyewe: pengine magunia ya dalali fulani ndiyo yanayotoa 16, pengine ni yote yanayokamuliwa baada ya saa kadhaa za kazi. Hiyo ndiyo menejimenti. Watafiti waliowahi kupeleka washauri kwenye viwanda vya nguo karibu na Mumbai, India, waliona uzalishaji ukipanda kwa asilimia 17 ndani ya mwaka wa kwanza, na walichobadilisha kilikuwa mambo ya aina hii: kuandika kila kasoro, kupanga stoo, kutunza mashine kabla haijaharibika. Viwanda hivyo vilikuwa vikubwa kuliko chako mara nyingi, na bado vilikuwa havifanyi.

Nimekueleza yote haya ili uone kitu ambacho wewe na mumeo mnaweza kukubaliana. Daftari hilo ni faida ya mashine kesho kutwa, na likikomaa ni data ya tasnifu yako. Mwanafunzi anayeingia masta akiwa na rekodi za msimu mzima za kiwanda chake, na swali analotaka kulijua kwa sababu linamgharimu, huyo hata msimamizi wake hufurahi kumwona mlangoni.

Turudi kwenye fedha. Ada ni milioni 6 na laki 4, lakini gharama haiishii hapo. Singida hadi Dodoma ni kilomita zipatazo 240. Ukikadiria 50,000 kwa kila safari, yaani nauli ya kwenda na kurudi, kulala na kula, wiki 40 za masomo ni milioni 2. Kisha kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti yoyote. Milioni 6 na laki 4 zingenunua magunia 106 mwezi Juni kwa 60,000. Usipokuwa nazo Juni, magunia hayo utayanunua Novemba kwa 75,000 au hutayanunua kabisa. Tofauti ya 15,000 mara 106 ni karibu milioni 1 na laki 6. Kwa hiyo masta hii inakugharimu kama milioni 10, na wewe una 11, ambazo zote ni mtaji wa kuzungusha. Mumeo hajakosea kuogopa. Biashara ya alizeti hufa Juni, pale mkulima anapouza na wewe huna hela mkononi.

Ndiyo maana ushauri wangu ni kwamba usiitoe ada kwenye fedha ya mbegu. Hilo nalisema bila kusitasita. Mengine yanategemea jibu lako kwa swali la ajira.

Kama unataka kuendelea kuajiriwa, fanya jambo hili kabla ya kulipa senti: tafuta matangazo ya kazi kama 20 ya nafasi ambazo kweli ungeziomba, usome sifa zinazotakiwa. Ukiona mengi yanataka uzamili, na yanakubali wa fani hii, masta ina thamani kwako hata kama haitaongeza lita moja ya mafuta. Huenda pia ukagundua wanataka mtu wa ufuatiliaji na tathmini ya miradi, na kwa mwenye sosholojia hiyo ni njia fupi zaidi. Ukithibitisha kwamba masta ndiyo inayotakiwa, ilipe kutoka kwenye mshahara wako kwa awamu, kazi mpya ikishapatikana. Bodi ya Mikopo usiitegemee sana, sehemu kubwa ya fedha zake huenda kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Na kama Dodoma kila wiki ni mzigo, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa ajili ya watu wa hali yako, wanaosoma wakiwa kazini na nyumbani, na kina kituo mkoani kwako. Kusoma kwa masafa kunataka nidhamu kubwa, na wanaokata tamaa ni wengi, lakini wiki 40 za basi na watoto kulala bila mama nazo ni gharama.

Kama moyo wako uko kwenye mashine, basi msimu ujao usome kwa njia nyingine. Nenda ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, waeleze kuhusu lita 16 na 18, uwaombe mtu aje aitazame mashine ikiwa inafanya kazi. Uliza pia mafunzo mafupi ya usindikaji na ya kuendesha biashara. Yale ya Shirika la Kazi Duniani, Anzisha na Boresha Biashara Yako, ni mazuri kwa mtu mwenye biashara tayari. Uliza njia ya kupata nembo ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, kwa sababu bila hiyo utabaki kuuza jumla kwenye madumu huku mwingine akiyaweka mafuta yako kwenye chupa yenye lebo. Mikopo isiyo na riba inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri nayo iko, na vikundi vya wanawake ni miongoni mwa walengwa. Kama una kikundi cha kweli, kinachokutana na kuweka akiba, ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii. Kikundi cha kuundwa wiki moja kabla ya fomu usiingie. Deni la wenzako litakuwa lako.

Baada ya msimu mmoja wa daftari, ukiona bado una kiu ya kusoma, na mimi nafikiri utakuwa nayo, nenda. Sitaki ubaki na wazo kwamba nakukataza. Nimeona watu waliokuja na biashara zao wakatoka wamebadilika: wamejifunza kuuliza "nitajuaje kama hili ni kweli?" kabla ya kumwaga mtaji, na kusoma hesabu za kampuni bila kuogopa. Mambo hayo kozi fupi haziwezi kukupa, yanataka muda na wenzako wa kubishana nao.

Kuna mambo mawili ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Kama katika hiyo milioni 11 kuna sehemu ya mkopo, au hesabu za kodi hazijakaa sawa, usiamue lolote kabla hujakaa mezani na mhasibu mwenye uzoefu wa biashara ndogo, ukiwa na karatasi zote. Na kama neno "masta" limeshakuwa chanzo cha ugomvi nyumbani, kaeni wawili na mtu mnayemheshimu, hesabu hizi zikiwa mbele yenu, mzipitie pamoja.

Kwa chuo, nenda Dodoma siku moja kabla ya kulipa chochote. Thibitisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu kwamba programu yenyewe imeidhinishwa, maana chuo kutambulika hakutoshi. Omba kuonana na mratibu wa masomo ya uzamili wa idara. Muulize wanafunzi walioingia miaka mitatu iliyopita wangapi wamehitimu hadi sasa, nani angeweza kusimamia tasnifu kuhusu usindikaji wa alizeti na ana wanafunzi wangapi mkononi, ada hulipwa kwa awamu ngapi, na mtu akichelewesha tasnifu analipa nini. Akikujibu kwa namba, chuo hicho kina watu wanaofuatilia wanafunzi wao. Mwishoni muulize kama udahili wako unaweza kuahirishwa hadi mwaka ujao wa masomo, na akisema unawezekana, omba akupe kwa barua.